Kioo Kisicho Sumaku

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikijaribu kuiacha nyuma naikuta imenitangulia. Nitakusimulia, nawe usinionee huruma. Mtu mzima akianza kueleza ujana wake, vijana huketi vizuri wakitaraji kusikia alivyokuwa hodari. Mimi sikukuita kwa hilo.

Nilikuwa sijatimiza miaka thelathini. Nikikaa Chukwani kwa wazee wangu, na kila asubuhi nikienda kazini katika maabara moja ndogo upande wa Tunguu. Maabara yenyewe haipo tena, na jina lake sina haja ya kulitaja, maana kosa halikuwa la nyumba, lilikuwa la mpangaji. Tulikuwa watu wachache. Alikuwepo mkuu wetu, tukimwita Dokta, mtu mwema mwenye haraka. Alikuwepo Mzee Machano, mtunza vyombo, ambaye hakusoma sana lakini hadubini ile aliijua kuliko sisi wote, kwa sababu kila ilipoharibika ni yeye aliyeifungua. Na nilikuwepo mimi, Salma, msichana niliyesifiwa tangu darasa la kwanza. Sifa hizo, mwanangu, ndizo zilizonilevya. Watu husema njaa humfanya mtu aibe. Mimi nilikuwa nimeshiba.

Kazi yetu ilianzia Darajani, kwa muuza samaki mmoja jina lake Ame, aliyekuwa akituwekea ngozi za samaki badala ya kuzitupa. Tulizikwangua magamba, tukaziosha mpaka harufu ikaisha, tukaziloweka katika siki kali ya maabara na kuziweka kwenye friji siku kadhaa. Mwisho wake tulipata maji mazito, meupe kidogo, kama uji uliozidishwa maji. Ndani ya maji yale mna molekuli ndefu kama nyuzi, za protini ileile inayoshikanisha nyama na mfupa, kwako na kwangu. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ilipokuwa ajabu yake. Ukiyaondolea maji yale ukali wa siki, ukayapasha mpaka yafikie uvuguvugu wa kiganja, zile molekuli huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe. Hakuna anayezishika. Hujisuka nyuzi, nyuzi zikajifunga, na ukija kutazama maji yamekuwa jeli.

Lakini hujisuka ovyo, kila moja na njia yake, kama makumbi ya nazi yaliyomwagwa uani. Sisi tulitaka zilale upande mmoja, kama zilivyolala kwenye kano ya mkono wako, kwa sababu Dokta alikuwa na ndoto ya kutengeneza uzi laini wa kuungia kano zilizokatika. Na mkono wa mtu haufiki ilipo molekuli. Kwa hiyo huletwa nguvu ya nje, na sisi nguvu yetu ilikuwa sumaku. Tulikuwa nazo mbili, kubwa, zimefungwa zikitazamana na nafasi ndogo katikati. Unachukua kioo kidogo, unatia tone la yale maji, unakifunika kwa kioo kingine chembamba, unakiweka kati ya sumaku, unapasha, unangoja. Dokta alipenda kusema udongo uwahi ungali maji, na kwa jeli maneno hayo ni kweli tupu: ikishaganda, hakuna sumaku itakayoigeuza.

Na kila kioo kilichowekwa kwenye sumaku kilikuwa na mwenzake asiyewekwa. Maji ni yaleyale, joto ni lilelile, ila sumaku hakuna. Hicho ndicho kinachokwambia kweli. Kama kilichopata sumaku kimelala na kisichopata hakikulala, basi ni kazi ya sumaku. Kama vyote viwili vimelala, kuna jambo jingine.

Kwa miezi mingi hakikulala chochote. Ukitazama kwenye hadubini yetu, yenye vichujio viwili vya mwanga, unaona kijivu, weupe hapa, weusi pale, fujo. Kisha ikaja siku hiyo. Nikaweka kioo cha sumaku chini ya hadubini, nikakiona kinang'aa chote kwa pamoja. Nikakizungusha kidogo, kikazima chote kwa pamoja, kama taa ya chumbani. Zimelala. Nilikaa pale nimeshika meza. Nikamwita Dokta, akatazama, akainua kichwa macho yamemlowa. Akaniambia nimeiokoa maabara. Kabla sijajibu kitu alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuwaeleza wakubwa zake.

Nilipobaki peke yangu ndipo nilipokitazama kioo cha pili, kile kisicho sumaku.

Nacho kiling'aa. Nacho kilizima chote kwa pamoja. Kilikuwa kimelala vizuri kuliko cha kwanza.

Haikunichukua muda kujua. Asubuhi ile vipovu vya hewa vilikuwa vimenisumbua, na ili kuvitoa nilivisukuma vile vioo vya kufunikia kwa kidole gumba, kutoka kushoto kwenda kulia, vyote viwili. Ni mkono wangu uliozilaza zile nyuzi. Sumaku haikufanya kitu.

Ningesema hapo hapo, yangekwisha kwa aibu ya nusu saa. Pengine yasingekuwa hata aibu. Baadaye sana nilikuja kutambua kwamba msukumo wa kidole nao ni nguvu ya nje, na kwamba kujua kuwa unalaza molekuli kulikuwa ni jambo la kuandika na kujivunia. Nilikuwa nimeshika kweli yenye thamani yake, nikaitupa ili nishike uongo uliokuwa umeshapigiwa simu.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua kioo kingine, cha tatu, nikatia tone, nikakifunika taratibu bila kukisukuma, nikakipasha bila sumaku. Kikatoka fujo, kama nilivyojua kitatoka. Nikapiga picha ya kile cha sumaku, nikapiga na ya hiki kipya, nikaziweka upande kwa upande kwenye daftari. Picha zote mbili zilikuwa za kweli, mwanangu. Uongo ulikuwa katikati yao. Kisha vioo vyote vitatu, kile cha pili kikiwemo, nikavitia katika bakuli la vyombo vichafu.

Asubuhi iliyofuata Mzee Machano alinikuta peke yangu. Alikuwa na kitambaa mkononi.

"Binti Salma," akaniambia, "jana nilikupa vioo viwili. Leo naosha vitatu."

Nikamwambia kimoja kilikuwa kichafu.

"Sijakiosha bado, nimekitazama. Alama yako ipo pembeni, kwamba hakikuwekwa sumaku. Nacho kimelala."

Mwanangu, mtu akikamatwa na aliye mdogo wake hucheka. Akikamatwa na aliye mkubwa wake huomba radhi. Mimi nilikamatwa na mtu niliyemdhania chini yangu, na yeye ni mkubwa wangu kwa kila kitu kilicho na maana. Nikamjibu jawabu ambalo mpaka leo likinijia naona haya nikiwa peke yangu. Nilimwambia, "Mzee Machano, wewe kazi yako kuosha vioo. Kuvisoma kuna wenyewe."

Hakukasirika. Alikunja kile kitambaa mara mbili.

"Sawa, mwanangu. Mie nitaosha," akasema. "Lakini hayo uliyoandika hayatakudhuru wewe, maana wewe unajua ulipouficha uongo. Yatamdhuru atakayekuja nyuma yako akiwa amekuamini."

Akaenda akakiosha kile kioo. Hakumwambia mtu. Nilidhani amesahau, na mwaka uliofuata alistaafu, na baada ya hapo Mungu alimchukua. Sikwenda kumuomba msamaha. Nilikuwa na shughuli.

Mambo yangu yalininyookea. Nilisafirishwa kusoma, nikarudi, nikapewa chumba changu na jina langu mlangoni. Watu waliniita mwalimu. Ile kazi ya vioo viwili ikawa ndiyo msingi wa nyumba nzima, na juu ya msingi huo akaletwa kijana ajenge.

Jina lake Simai, mtoto wa Makunduchi. Mama yake, Bi Kazija, alikuwa mkulima wa mwani, na baba alikuwa ameshafariki. Alikuja na shati moja zuri alilolivaa Jumatatu na Alhamisi. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko mtu yeyote niliyepata kumfundisha. Mikono hiyo, mwanangu, ndiyo iliyomponza. Mimi nilikuwa nikisukuma vioo kwa pupa. Simai alikuwa akivifunika polepole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka asimwamshe. Kwa hiyo vioo vyake vya sumaku havikulala hata kimoja.

Alitumia mwaka mzima. Kisha mwaka wa pili. Alibadilisha joto, akabadilisha siki, akabadilisha samaki, akaenda mwenyewe Darajani alfajiri kuchagua ngozi kwa Ame. Mara mojamoja, siku aliyopata vipovu akalazimika kuvisukuma, vioo vyake vyote viwili vililala, chenye sumaku na kisicho. Naye hakuwa mtu wa kuficha alichokiona.

Siku moja alinijia ofisini, akasimama mlangoni kwa adabu, akasema, "Mwalimu, samahani. Kile kisicho sumaku nacho kimelala. Si mara moja. Na chenye sumaku nikikifunika taratibu hakilali. Nilikuwa nafikiri labda sumaku yetu haina nguvu ya kutosha. Labda ni ule msukumo wa kioo."

Alikuwa ameipata. Kila kitu. Mungu aliniletea mlango wa pili, na safari hii aliufungua kabisa, ilibaki nipite tu. Nami nilimtazama kijana yule usoni nikamwambia, "Simai, mkono wako mzito. Rudia."

"Naam, mwalimu," akasema. Akaenda akarudia.

La kwanza nililifanya kwa ulevi wa sifa, na kijana anaweza kusamehewa ulevi wake. Hili la pili nililifanya nikiwa mzima, nimekaa kwenye kiti, najua. Ukiniuliza dhambi yangu ni ipi, si ile ya vioo. Ni hii.

Alirudia mwaka mwingine. Nikamwona anakonda. Akaanza kuniomba nije nimtazame anavyofanya, nimwoneshe anapokosea, nami kila mara nilikuwa na kikao. Muda wake ulipokwisha hakuwa na kitu cha kuandika. Wakubwa wakanikalisha wakaniuliza jambo moja tu: njia hii inafanya kazi, au haifanyi? Nikajibu kuwa inafanya kazi ikipata mikono. Wakaandika kwamba kijana hakufaa.

Siku aliyoondoka aliosha vioo vyote, akavipanga kwenye kasha, akanijia kuaga. Aliniambia, "Nisamehe, mwalimu. Nimekupotezea muda." Nikamwambia asijali, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ndiyo, nilimpa methali. Methali nayo, mwanangu, ikitoka katika kinywa kibaya huwa kama maji ya kisima alimofia paka.

Ilipita miaka kama miwili. Nilikuwa Darajani najinunulia samaki wa nyumbani, Ame akaniuliza kama nimeshakwenda kumwona kijana wangu. Nikauliza kijana gani. Ndipo aliponieleza. Simai alipokosa kazi aliingia katika kupiga mbizi za majongoo ya baharini. Unawajua hao, huzama mbali, wanavuta hewa kwa mpira unaotoka kwenye mashine iliyo juu ya mashua, wanaokota majongoo ya kukaushwa na kuuzwa kwa wageni. Siku moja mashine ilizimika naye yuko chini. Akapanda juu kwa haraka, kama ambavyo yeyote angalipanda, na mwili hautaki haraka hiyo. Aliokolewa yu hai. Lakini kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu tena.

Nilikwenda Makunduchi Jumapili iliyofuata, nimebeba mkate na sukari kama mtu anayekwenda kumjulia hali mgonjwa. Bi Kazija alikuwa mwanamke mfupi, viganja vimekauka kwa chumvi. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba, kisha akanishika mikono yote miwili akawaita majirani waje wamwone mwalimu wa Simai. Akanitandikia mkeka mpya. Aliniomba radhi, eti mwanawe aliniangusha. Alisema alimlea vizuri lakini kijana akawa na uzembe, na kwamba yeye mwenyewe alimwambia hivyo, tena mbele ya jamaa, siku aliporudi na sanduku lake. Niliinywa chai yake.

Kabla hajaniingiza kwa mgonjwa alileta daftari lililofungwa katika kipande cha kanga. Alisema Simai aliagiza kuwa mwalimu akija apewe, yeye hana kazi nalo.

Nilifungua ukurasa wowote. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, ulionyooka. Chenye sumaku: fujo. Kisicho sumaku, kimesukumwa kutoa vipovu: kimelala. Na chini yake ameandika: kosa langu. Ukurasa mwingine, hivyohivyo, kosa langu. Kurasa kwa kurasa. Mahali pamoja alikuwa ameandika kwa kirefu kwamba pengine sumaku haitoshi, pengine ni msukumo, akachora mishale na kioo na kidole. Kisha alipiga mstari juu ya yote hayo, akaandika pembeni: Mwalimu alishathibitisha. Usijidanganye.

Aliiona kweli kwa macho yake mwenyewe akaifuta, kwa sababu aliniamini mimi kuliko macho yake.

Aliwekwa katika chumba cha mbele, kitanda karibu na dirisha. Nje wanawake walikuwa wanaponda makumbi, na ule mdundo uliingia mpaka ndani. Alinisalimia kama zamani, shikamoo mwalimu. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamwambia kila kitu, vioo vitatu, kidole gumba, picha mbili, Mzee Machano. Nikamwambia, "Macho yako hayakuwa na kosa. Mimi nilijua."

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla hujaja."

Alinigeuzia uso. "Kwa hiyo nikisema kimelala, kilikuwa kimelala."

"Kilikuwa kimelala."

"Na sumaku?"

"Ilikuwa dhaifu. Molekuli zile zinataka nguvu inayoizidi ile mara kadha wa kadha. Ulikuwa sawa katika yote."

Nilingoja anitukane. Ningalifurahi kutukanwa. Alisema, kwa sauti ya kawaida, "Haya ya miguu ni ajali, mwalimu. Ajali ni ya Mungu. Lakini ule mwaka wa mwisho nilidhani naingia wazimu. Mtu unaona kitu kipo, unaambiwa hakipo. Mpaka nikawa naogopa kusoma saa."

Nikamuuliza anataka nifanye nini. Alisema mambo mawili. Kwanza, nikayaandike hayo niliyomwambia, nipeleke panapohusika. Pili, nikishayaandika nirudi nimsomee mama yake.

Niliandika. Dokta alikuwa mzee kwa wakati ule. Alisoma barua yangu akaniuliza kwa nini sikufa na siri yangu. Hakuwa na ubaya, alikuwa ameumia. Ile kazi ikafutwa hadharani, na zilizojengwa juu yake zikafutwa nazo, pamoja na za watu ambao hawakufanya kosa lolote isipokuwa kuniamini. Jina langu likatolewa mlangoni. Baada ya muda maabara nayo ikafungwa. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi maradhi yangu niliyaficha ndani ya mwili wa mtu mwingine.

Nikarudi Makunduchi na nakala ya barua. Simai alikuwa amekalishwa kwa mito, mama yake kando. Nilisoma kwa Kiswahili chepesi, nikieleza kila nilipofika. Bi Kazija alisikiliza mikono ipo mapajani. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Kwa hiyo hakuwa mzembe?"

"Hakuwa, bi. Alikuwa bora kuliko mimi."

"Mie nlimwita mzembe mbele za watu," akasema. "Nlimwambia kama hana la kufanya na aende akapige mbizi na wenziwe."

Hilo sikuwa nalijua. Nilimtazama Simai, naye alikuwa amemgeukia mama yake, akawa anamwambia polepole, "Basi, mama. Basi." Alikuwa anambembeleza yeye. Bi Kazija alijifunika uso kwa mtandio, na katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyenitazama tena. Niliiweka barua juu ya kigoda, nikatoka.

Nilikwenda mara nyingi baada ya hapo. Nilipeleka dawa, nilipeleka nguo za kitanda, sikuzuiwa wala sikukaribishwa. Simai hakuyazungumza tena yale. Vidonda vya kulala vilimshika mgongoni, na masika ya pili akafariki. Nilikaa matangani nyuma ya wanawake wote. Mtu mmoja alinipa maji, nadhani hakunijua mimi ni nani.

Sasa, mwanangu, nikuusie, kwa sababu nasikia unakwenda kuanza kazi katika chumba chenye vioo na mizani, au katika afisi, au katika darasa. Kokote ni mamoja.

Utakapokosea, na utakosea, sema siku ileile. Usingoje upate maneno mazuri. Kosa likiwa bichi halijaganda, unaweza kuligeuza kwa kidole. Likishaganda, watu wameshajenga juu yake. Wala usidhani uongo wako ni mali yako, kwamba utauchunga peke yako mpaka ufe nao. Una miguu. Utakwenda kumtafuta mtu usiyemjua, aliye bora kuliko wewe, umwambie kuwa macho yake ni mabovu.

Usimtazame anayeosha vyombo kama asiyejua kusoma. Akikwambia amehesabu vitatu, hesabu na wewe.

Na ukiwa mkubwa, mtoto akakujia mlangoni anatetemeka, akakwambia ameona jambo linalokupinga, inuka kwenye kiti. Inuka hata kama heshima yako yote iko chini ya kiti hicho. Nenda katazame naye. Wazee wetu walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi nilikuwa na macho mazima, nikayakataa, na moyo ndio uliokufa. Simai naye nikamfanya ayakatae yake. Mtihani wako hautakuwa sawa na wangu, lakini utaujua ukifika, kwa sababu utajikuta unatafuta neno la kumjibu mtu ambaye amekwambia kweli.

Mimi sitaki uniombee nisahau. Niombee niikumbuke sawasawa, bila kuipamba. Na wewe, Mwenyezi Mungu akujaalie mkono mtulivu na ulimi mwepesi wa kukiri. Akuwekee karibu mtu wa kukwambia umekosea, na akupe sikio la kumsikia angali hai. Wanaokuja nyuma yako wakute ulichoandika ni kweli, wakanyage bila kudidimia. Amin.